Aliyekupokea Hakuwa Amekufa

Baba yangu,

Siku ile ulipokata roho ulikuwa unacheka. Kilungu nzima ikaongea, kwamba Mutinda amekufa meno nje kama mtu aliyeitwa harusini. Sisi wa nyumbani tulijua sababu. Ulikuwa unaenda kwa mama yako. Ulimkosa tangu ukiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, ukahakikisha jina lake limefika hekaluni, amebatizwa, ameunganishwa na wewe milele, na sasa zamu yako ilikuwa imefika ya kwenda kumkuta.

Baba, hakuwa huko. Nimejua baada ya kukuzika, na tangu nilipojua nina swali moja. Kama hakuwa huko, ni nani aliyeingia kwa nyumba yetu siku ile kukuchukua? Nimeamua kukuandikia yote, polepole, usije ukabaki huko uliko na habari nusu. Na barua yenyewe naiacha wazi, majirani nao waisome, maana minong'ono imezidi.

Wacha nianze na wewe, kwa sababu watu walikupenda bila kukuelewa.

Nilikuwa mdogo wakati wale vijana wawili wa mashati meupe na tai walipopanda kilima chetu kwa miguu, mmoja mzungu ameiva uso kama nyanya, mwingine kijana wa Uganda aliyekuwa anamcheka. Uliwapa maji ukawaambia sisi tuna kanisa letu tayari. Wakasema sawa, ila walikuwa na neno moja tu: kwamba familia haivunjwi na kifo. Mama anasema uliweka jembe chini. "Rudia hapo," ukamwambia yule wa Uganda. Akarudia. Ukauliza, "Hata kama mama ya mtu alipotelea mtoni?" Akasema hata huyo. Basi, tukawa Wamormoni.

Na ulivyokuwa mtu wa kupita mpaka! Uliposikia kwamba kahawa na chai hazinywewi, uling'oa shamba lote la kahawa alilokuachia babu. Hata wale vijana walikuja mbio kukuambia hakuna aliyekukataza kupanda. Ukawajibu, "Siwezi kumuuzia jirani kitu ambacho mimi mwenyewe nimekiogopa." Ukapanda maparachichi. Watu wakasema wazungu wamekuloga. Mama alilia, halafu akaendelea kunywa chai yake jikoni kwa miaka mingi na wewe ukajifanya huna pua, mpaka siku alipoiacha mwenyewe.

Jumatatu jioni ilikuwa yetu. Jirani akija kuomba nyundo ulimwambia, "Leo ni siku ya watoto wangu, njoo kesho." Tunaimba, unasoma, tunabishana, Mama anakaanga bisi. Kabla ya sala ulipita nyuma yetu ukigusa vichwa kimoja kimoja, kama mtu anayehakikisha mbuzi wote wameingia. Ulikuwa unaosha vyombo uani mchana kweupe, wanaume wakipita njiani wanakohoa kwa kicheko. "Wacha wakohoe," ulisema. "Naosha sahani za watu wangu."

Lakini Mama akienda sokoni mjini Wote, ulikuwa huketi. Utashika jembe, utaliweka, utatembea hadi barabarani, utarudi. Akichelewa kidogo, uso wako unakuwa wa mtoto. Alikutania, "Wewe mzee, nitatoroka na haya magoti?" Hukuwahi kucheka mzaha huo hata mara moja, na sisi tukajifunza kuondoka kwa kuaga vizuri.

Ulikuwa hujaanza shule mama yako alipotoka asubuhi moja na kibuyu na leso, wakati wa njaa, akasema anaenda kwao Kitui kutafuta mahindi. Akakuacha kwa nyanya yako. Hakurudi. Mvua iliponyesha, baba yako mdogo alitumwa kumtafuta, akarudi na habari kwamba Mto Tiva ulishuka na maji ya ghafla ukambeba. Mwili haukuonekana. Hakukuwa na kaburi, hakukuwa na matanga, na babu akakataza jina lake litajwe bomani.

Kwa hivyo mimi nilipozaliwa, wa kwanza tena msichana, hukufikiria mara mbili. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza ni wa mama ya baba yake, na anapewa jina lake. Nikawa Syombua. Na kwa sababu nimebeba jina la mama yako, wewe hukuniita Syombua. Uliniita mwaitu, yaani mama yangu. "Mwaitu, umekula?" "Mwaitu, lete hivyo viatu nikupigie rangi." Wenzangu shuleni waliogopa baba zao, mimi wangu alinisimamia nikipita. Nikajua kuringa, haki ya Mungu.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza kuwa mambo.

Hekalu lilipofunguliwa Nairobi, wewe ulikuwa umeshapiga suti pasi. Majirani, nisikilizeni hapa: sisi hatufukui mtu na hatulowanishi maiti. Mtu aliye hai anaingia majini kwa niaba ya aliyekufa, jina la aliyekufa linatajwa, na mwenyewe huko aliko anaamua kukubali au kukataa. Mwanamke anaingia kwa niaba ya mwanamke. Uliulizwa kama una hakika mama yako ni marehemu, na nani wa karibu wa kutoa ruhusa. Ukasema ni marehemu tangu utoto wako, na wa karibu ni wewe. Ulisema ukweli wote uliokuwa nao.

Mama alijitolea kuingia. Ukamkatalia. "Mwenye jina ndiye ataingia," ukasema. Mama akanitazama, mkono wake shingoni. Mila hiyo ya Kikamba ilikuwa ndani ya ile suti yako, Baba. Wengine wangechukua yeyote aliye tayari. Wewe ulitaka Syombua aingie kwa ajili ya Syombua.

Nakumbuka vazi jeupe zito, na lile birika kubwa limebebwa na ng'ombe kumi na wawili wa kuchongwa. Ukaninong'oneza kwamba mama yako alikuwa anapenda ng'ombe. Ukasimama kando yangu ndani ya maji, ukainua mkono wa kulia, ukaniita Syombua Kioko. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusikia jina langu likitoka mdomoni mwako. Kisha ukasema unanibatiza kwa niaba ya Syombua Kioko, ambaye amekufa.

Jina langu, jina la ukoo wangu, na neno hilo mwishoni. Nikataka kukushika mkono nikuambie ngoja kidogo, lakini ulikuwa umeshanizamisha.

Chini ya maji nilisikia mtu akiitika. Sikukuambia, kwa sababu ulitoka pale machozi yakikutiririka na sikutaka kukuharibia. Alikuwa mwanamke. Aliitika vile mama huitika akiwa mbali shambani na mtoto anamsumbua nyumbani, kwa uchovu, kwa kuvuta. Karibu kabisa na sikio la kulia.

Sikio hilo halikukauka. Lilibaki na maji wiki baada ya wiki, yakicheza nikigeuza kichwa. Daktari wa Wote alilimulika akasema ni kavu kama karatasi. Nikirudi kazini Kasikeu, mwalimu mwenzangu akiniita, "Syombua!", nasikia ameshaitikiwa kabla sijafungua mdomo. Nikaanza kuwaambia watu waniite Mwalimu tu. Wakafikiri nimeanza maringo ya kutafuta cheo.

Wewe ulikuwa na furaha ya kutisha. Ulinenepa. Ulikuwa unaimba ukipogoa maparachichi, unamwambia kila mpita njia kwamba mama yako amepatikana, na wapita njia wanaharakisha mwendo.

Halafu moyo ukakushika. Ulivimba miguu, ukalazwa, ukarudishwa nyumbani upumzike, na wote tulijua maana ya kupumzika. Ilikuwa msimu wa baridi, ukungu wa Kilungu umekalia kilima hata mchana, huwezi kuona parachichi la pili kutoka mlangoni. Mama alikuwa anakukanda miguu. Mimi nilikuwa dirishani.

Simba alikuwa amelala kizingitini. Unamjua Simba, mbwa anayebwekea hata askofu wetu. Aliinuka, akasogea kando, akalala tena, vile anavyofanya mtu wa nyumbani akipita. Nilitazama mlango. Kulikuwa na ukungu tu.

Ukafungua macho. "Mpeni mwaitu kiti."

Nikavuta kile kiti cha plastiki cha bluu, nikaketi, nikakushika mkono. Ukanitazama kwa upole mwingi.

"Si wewe, Syombua," ukasema. "Huyo aliyelowa."

Baba, niliruka kile kiti kana kwamba kina moto. Mama akauliza, "Baba Syombua, unaona nani?" Ulikuwa unaangalia kiti, juu kidogo, mahali uso wa mtu aliyeketi unapokuwa. "Amekuja mwenyewe," ukasema, na kicheko kikakutoka chote, na baada ya hicho kicheko hakukutoka kitu tena.

Tulilia kwanza. Ni baadaye Mama alipochukua kitambaa akapangusa maji chini ya kile kiti. "Ni ukungu umeingia," akasema bila kuniangalia. Ukungu gani unaoacha dimbwi, Baba? Nilimwacha apanguse.

Tangazo lako lilisomwa redioni, kwenye kile kituo cha Kikamba ambacho kila boma husikiliza vifo jioni. Mutinda wa Kilungu, mume mpendwa, mwana wa marehemu Kioko na marehemu Syombua. Niliandika mimi. Nilipofika kwa hilo "marehemu" la pili kalamu ilisita, nikajiambia acha ujinga.

Tukakuzika katika nguo zako nyeupe za hekaluni. Shangazi zangu walipika chai masufuria mazima nyuma ya nyumba, wakasema mzee amelala, hawezi kutukataza. Ndugu mmoja wa kanisa akaweka wakfu kaburi kwa sala fupi. Watu walikuwa wanaanza kugeuka wakale, ndipo gari aina ya probox lenye vumbi jekundu la Kitui likapanda kilima na kusimama nje ya boma.

Mwanamume wa makamo akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamsaidia bibi kizee. Simba alikuwa amesimama katikati ya njia. Akasogea kando.

Sijui nikuelezeje. Ule ulikuwa uso wako, Baba, umefungwa kitambaa cha kichwa. Mdomo wako, lile paji lako pana, hata ile namna yako ya kutanguliza bega la kushoto. Watu wakampisha safu baada ya safu alivyokuwa akipita. Nyanya Mbithe, jirani yetu anayekumbuka kila aliyewahi kuzaliwa hapa kilimani, alimkodolea macho, kikombe cha chai kikamponyoka.

"Syombua wa Tiva!" akapiga mayowe. "Huyu tulimlilia! Huyu mto ulimla!" Na vile alivyo na miaka yake, alitimua mbio kupitia maparachichi, na nusu ya waombolezaji wakamfuata.

Bibi hakugeuka. Alifika kaburini, akatazama udongo mbichi, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema jina langu. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Na mimi pia," akasema, na Baba, hiyo ndiyo sauti iliyoitika chini ya maji. Nikaketi kwenye udongo wa kaburi lako.

Yule mwanamume anaitwa Mwendwa. Ni mtoto wake wa mwisho, ndugu yako, Baba, mzee wa kanisa lao huko Kitui, mtu mnyoofu na mgumu. Yeye ndiye alitueleza hapo uani, bibi ameketi, yeye amesimama, hataki kiti. Mama yao aliolewa tena Kitui, akazaa, akawazika wengine, akalea wengine. Hakuna mto uliomchukua. Baba yako mdogo alimpata kwa mume mwingine, na badala ya kurudi Kilungu na aibu, akarudi na mto. Wewe ukaoga kwa huo uongo maisha yako yote. Nimemkasirikia huyo mzee mpaka nimechoka, na ameshakufa, hata nafasi ya kumgombeza sina.

"Jioni ile tulisikia redio," Mwendwa akasema. "Mama akaweka sahani chini. Akasema, huyo ni mtoto wangu, na huyo marehemu ni mimi. Tukajua ni uzee."

"Uzee gani," bibi akasema. "Mimi nilikuwa nimetoka kumwona."

Akainuka. Nyumba hii uliijenga wewe, miaka na miaka baada ya yeye kuondoka. Hakuwahi kukanyaga hapa. Alipita sebuleni bila kuuliza, akapita jikoni, akaingia chumbani kwenu, akavuta kiti cha bluu kutoka nyuma ya pazia alikokificha Mama, akakiweka kando ya kitanda. Upande uleule. Akaketi.

"Niliketi hapa," akasema. "Mkanda miguu alikuwa pale." Mama alitoka nje.

Siku iliyofuata tulikuwa peke yetu shambani, mimi na yeye, tunaokota maparachichi yaliyoanguka kwa sababu alikataa kukaa bure. Nilianza kumwita Susu, nyanya, na aliitikia kama amezoea. Nikamuuliza polepole. Akanijibu kama mtu anayesimulia safari ya sokoni.

Alisema kuna msimu alikuwa anapura ndengu, akasikia anaitwa kwa jina lake lote, na masikio yakajaa maji. Akaitika. Hakuona mtu. Tangu hapo akawa anasikia mahali kuna mtoto anamtafuta, hajui ni upande gani. Halafu siku moja alikuwa Tiva, mto umekauka, amefukua kisima cha mchangani anachota kwa kata. Akaitwa tena, karibu zaidi, na safari hii hakuitwa kwa jina. Aliitwa mwaitu. Akainuka akafuata. Akasema kulikuwa na ukungu mwingi na miti asiyoijua, mbwa akampisha, akakuta mwanamume mzee kitandani mwenye uso wa baba aliyemzaa yeye Susu.

"Nilimjua kwa kovu," akasema, akajigusa nyuma ya sikio la kushoto. "Uji ulimchoma akiwa anatambaa, nikiwa nimemgeuzia mgongo."

Ulituambia ulizaliwa nalo, Baba. Hakuna aliyekuambia vingine.

"Nilimshika mkono tukatoka naye," akaendelea. "Tulitembea kidogo. Halafu akaniambia, mama, rudi, wewe bado. Nikarudi."

Mwendwa alimkuta amelala nusu ndani ya kisima, nguo imelowa hadi kiunoni, baridi kama samaki. Walikuwa wameshaanza kutafuta shuka la kumfunika alipokohoa na kusema ametoka kwa mtoto wake. Nilimuuliza Mwendwa ilikuwa siku gani. Sikuhitaji kuuliza.

Kwa hivyo swali langu limejibiwa, na sijui kama nimepata amani au nimezidi kuogopa. Aliyekupokea ni yeye mwenyewe, Baba. Alikuja akiwa hai.

Ikabidi nimwambie upande wetu. Nikamweleza maji, ng'ombe wa kuchongwa, jina lake likisomwa na neno "amekufa" nyuma yake. Akanitazama, akaangua kicheko chako.

"Kumbe ni nyinyi!" akasema. "Mlikuwa mnaniosha bila ruhusa!"

Nilicheka na mimi, tukacheka mpaka akakaa chini. Lakini mambo hayakuishia kwa kicheko. Ule ubatizo haukuwa kitu, si lazima nikuambie; huwezi kuingia majini kwa niaba ya mtu aliye hai. Wewe uliondoka ukiamini mama yako ameunganishwa na wewe, na hajaunganishwa. Kazi hiyo haijafanyika. Na akifa, si wewe tena wa karibu wa kutoa ruhusa. Ni Mwendwa.

Mama alijaribu. Alimwomba Susu abaki Kilungu, azeekee hapa, azikwe kando yako mkono kwa mkono. Mwendwa akasimama wima. "Mama ni wetu," akasema. "Nyinyi mlishamzika mtoni zamani. Na mambo yenu ya kubatiza wafu, mtanisamehe, kwetu hayataingia. Akifa atazikwa na baba yetu, na jina lake mliache."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia juu ya mtoto aliyekuwa anatembea hadi barabarani na kurudi, mpaka akawa mzee anayetembea hadi barabarani na kurudi. Lakini nilimwangalia, nikaona mtu mzima anayeogopa kunyang'anywa mama. Uso huo naujua.

Wameondoka leo asubuhi. Kabla hajapanda gari nilimvuta Susu kando, nikamuuliza lile ambalo wewe hukupata nafasi ya kumuuliza. Kwa nini hakukurudia? Njaa iliisha. Kitui si mbinguni, ni siku moja ya safari. Kwa nini?

Alitetemeka, Baba. Yeye aliyeingia chumbani kwenu bila woga na kukaa kwenye kiti kile, alitetemeka mikono yote miwili hadi nikamshika.

"Hilo ni la Mutinda," akasema. "Siku ile njiani nilijaribu kumwambia nikashindwa, ndiyo maana akanirudisha. Nikienda tena nitamwambia. Siwezi kukupa wewe, hata kama una jina langu."

"Na jina lako, Susu? Mwendwa amekataa."

"Mwendwa ni mtoto, nitaongea naye. Lakini kwanza Mutinda asikie nilichomfanyia. Akinitaka bado baada ya kusikia, mtaniingiza majini na mimi nitakubali. Akinikataa, msinisumbue."

"Tutajuaje?"

Akanivuta kichwa chini, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia, lile lile, ambalo sikuwa nimemwambia habari zake yeye wala mtu yeyote wa nyumbani. "Si wewe ndiye uliyenisikia nikiitika?" akasema. "Utanisikia tena." Akapanda gari. Alipofunga mlango sikio lilikauka, na ukimya uliobaki ndani yake ni mkubwa kuliko boma letu.

Basi, Baba, ndiyo hiyo habari. Anakuja, na safari hii hatarudi. Nina hofu kwa ajili yako, maana ulitupenda kwa nguvu zote za mtu aliyeachwa, na sasa utaambiwa kwa nini uliachwa. Akifika, usimkimbilie na mambo ya kanisa. Usiite watu waje kumwona. Mtafutie mahali pa kuketi, umwache aanze mwenyewe, hata akichukua muda mrefu.

Sijui ni neno gani. Nimeona tu vile lilivyomtetemesha. Nakuomba, Baba, msamehe kabla hajamaliza.

Nakuacha hapo kwa leo, Mama ananiita tufunge milango.

Binti yako wa kwanza,
Syombua